Miguu nyota tano, ubao nyota mbili

Niseme mapema, mwenye haraka aondoke na lake: miguu ya meza hii naipa nyota tano, ubao wake nyota mbili, na kama fundi angekubali kuniuzia miguu peke yake tangu mwanzo ningemlipa palepale na dua juu. Ni meza ya mti wa mwaloni, ya kufungua na kufunga, iliyotengenezwa kwa mtindo wa Uingereza ya karne ya 15. Wateja wake ni watu kama mimi, ambao wikendi za kiangazi tunavaa magauni ya sufu, tunaingia kambini na kuishi kana kwamba mfalme ni Edward wa Nne. Nililipa pauni 385 pamoja na kuletewa hadi mlangoni. Fundi simtaji. Ninayo ya kumlaumu, naye ni mtu mmoja na karakana yake, si kampuni yenye wanasheria.

Mimi ni mtu wa Tanga. Riziki yangu ni kuuguza wazee huku Gloucestershire, na katika kundi letu la maigizo ya kihistoria kazi yangu ni jiko. Kila Julai tunakwenda Tewkesbury, mji ambao tarehe 4 Mei 1471 jeshi la Edward wa Nne liliwavunja wafuasi wa Malkia Margaret wa Anjou, mke wa mfalme mpinzani Henry wa Sita, na mwana wa pekee wa malkia huyo akauawa. Vita vile huigizwa mbele ya umati, wanaume kwa wanawake wakiwa ndani ya vyuma, jua likiwachoma. Mimi nabaki nyuma na vyungu vyangu. Kwa hiyo meza kwangu si pambo la kambi. Juu yake nakata vitunguu, nakanda unga, nagawa chakula cha watu wenye njaa na hasira za kushindwa vita walivyojua tangu asubuhi kuwa watashindwa, na wageni wanakuja kuiegemea huku wakiuliza maswali. (Wanaouliza mtu mweusi anatafuta nini kambini mwaka 1471 nawajibu kwa John Blanke, mpiga tarumbeta wa Henry wa Saba na Henry wa Nane, aliyechorwa na kilemba chake katika hati ndefu ya mashindano ya Westminster ya 1511. Ni miaka arobaini tu mbele. Kisha nawapa kisu wanisaidie vitunguu.)

Sasa meza yenyewe. Msifikirie meza ya kukunja yenye bawaba. Ni vitu vitatu vinavyoachana kabisa: ubao mmoja mrefu na farasi wawili wa kuubeba, kama wale ambao maseremala wetu hulazia mbao wakati wa kukata. Unaweka farasi, unalaza ubao juu, unatandika kitambaa, umemaliza. Wakubwa wa zamani walikuwa na sababu ya kuzipenda meza za namna hii. Ukumbi wa bwana ulikuwa wa kulia, wa kuamulia kesi na, usiku, wa kulala watumishi. Watu wakishakula, mbao zinainuliwa, farasi wanasukumwa ukutani, na ukumbi unakuwa mtupu. Tena matajiri wale hawakukaa mahali pamoja. Walihama na jamaa zao nzima kutoka shamba moja hadi jingine, na samani nyingi zilipanda mikokoteni pamoja nao.

Pale Penshurst Place, huko Kent, kuna ukumbi uliokamilika mwaka 1341, paa lake la mbao za mchestinati bado liko juu, na ndani yake zimebaki meza ndefu za karne ya 15 zinazokaa juu ya farasi. Nenda ukazione kama unapita. Ni kubwa na nzito, zinatoshea ukumbi ule na hazitatoshea gari la mtu yeyote. Hapo ndipo fundi yeyote wa meza za maigizo anapopata mtihani. Kielelezo alichonacho kimebaki kwa sababu kilikuwa kizito mno kubebwa, na anachotakiwa kutengeneza ni kitu cha kuingia kwenye buti la gari. Inambidi atafute zile meza nyepesi, za kambini na za safarini, ambazo hazikubaki kwa kuwa zilitumika zikaisha. Pa kuziona ni kwenye picha, na picha nazo zina hila: kitambaa kinaning'inia hadi karibu na sakafu na kuficha kila kitu.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mwezi wa Januari katika kitabu cha sala cha Jean, mtawala wa Berry, kilichochorwa na ndugu wa Limbourg kati ya mwaka 1412 na 1416. Siku hizi kipo Chantilly, Ufaransa. Bwana amekaa karamuni na joho la buluu, kitambaa cheupe kimetandikwa, vijibwa viwili vinatembea juu ya meza na kula humohumo. Na sakafuni, enyi watu wa Tanga, kuna mkeka. Mkeka wa kusukwa, umetandazwa ukumbi mzima. Nilipomtumia mama picha ile alisema hao wenye akili waliokaa chini ya meza ni kina nani. Nikamwambia hakuna aliyekaa chini, mama, mkeka wameukanyaga na viatu. Akanyamaza kwa huzuni.

Picha nyingine iko kwenye kile kitambaa kirefu cha kutariziwa cha Bayeux kinachosimulia vita vya mwaka 1066. Kabla ya vita watu wanakula. Askofu na wakubwa wana meza yao ya kupinda, wahudumu wanaandaa chakula juu ya ngao zilizolazwa. Naitaja kwa sababu kila mwaka yuko mtu kambini mwetu anayejifanya mjuzi kwamba meza ya kweli lazima iwe na nakshi za aina fulani. Ngao, ndugu yangu. Waliweka kuku juu ya ngao.

Turudi kwa mali niliyouziwa. Miguu kwanza, maana ndiyo niliyoipenda.

Kila farasi ana mgongo mmoja, kipande cha mwaloni cha urefu wa sentimita 70, unene wa kutosha mkono kukishika vizuri, na miguu mitatu. Mitatu, si minne. Miwili inatokea upande mmoja wa mgongo ikiachana, mmoja unatokea katikati upande wa pili. Aliyewahi kuweka meza ya miguu minne kwenye uwanja wa majani anajua kwa nini nashangilia. Nne zinataka ardhi iliyonyooka. Mguu mmoja ukikosa pa kukanyaga, supu inamwagika, unaanza kutafuta kijiwe cha kuchomeka. Tatu zinakanyaga popote, hata penye mteremko. Viwanja vya Tewkesbury viko kwenye bonde ambalo mito Severn na Avon inakutana, ardhi yake hulainika kwa mvua kidogo tu, na farasi hawa sijawahi kuwaona wakicheza. Kitu kimoja cha kukumbuka: ile miguu miwili ielekee nje, upande wa mwisho wa meza, na ule mmoja uelekee ndani.

Miguu yenyewe haikukatwa kwa msumeno. Imepasuliwa kwa kabari kufuata nyuzi za mti, kisha ikachongwa duara. Ukitazama kwa karibu unaona nyuzi zinakwenda kutoka juu hadi chini bila kukatizwa, na huo ndio uimara wake. Mguu uliokatwa kwa msumeno huenda nyuzi zimeukata kati kwa mshazari, siku jitu la kilo mia na vyuma vyake likikalia meza unapasuka hapo. Juu, kila mguu umechongwa uwe mwembamba kidogo kuelekea ncha, na tundu la mgongoni limetobolewa kwa mwelekeo huohuo. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Uzito ukizidi juu, mguu unazidi kubana. Ukitaka kufungua unaupiga mgongo kwa nyundo ya mti, mguu unatoka. Mvua ikinyesha mti hutanuka na miguu hung'ang'ania, kwa hiyo nyundo ya mti ni sehemu ya meza hii japo fundi haiuzi pamoja nayo.

Na akafanya jambo moja dogo lililonifanya nimsamehe mengi. Kila mguu na tundu lake amevichonga alama kwa patasi: mstari mmoja, miwili, mitatu, hadi sita. Maseremala wa zamani waliojenga nyumba za mihimili huku walitia alama za namna hiyo kwenye viungo, ili nyumba iliyokatwa uwanjani iweze kusimamishwa mahali pengine bila ubishi. Wangapi leo wangekumbuka? Farasi mmoja hafiki kilo 6. Miguu sita inaingia kwenye mfuko wa turubai, migongo miwili unaibeba kwapani.

Faida nyingine niliigundua baadaye. Meza ilikuja na kimo cha sentimita 74, kizuri kwa kukaa na kula, kibaya kwa mtu anayekanda unga amesimama. Mgongo unauma kabla ya unga kulainika. Kwa kuwa miguu inatoka, nikaagiza miguu sita mirefu zaidi, pauni 90, na sasa farasi walewale wana vimo viwili: mchana ni meza ya jiko, jioni nabadilisha miguu inakuwa meza ya chakula. Sijui meza ya dukani inayoweza hivyo bila vyuma na vifungo.

Haya, ubao.

Ubao una urefu wa sentimita 183 na upana wa 70, unene sentimita mbili na nusu, mbao tatu za mwaloni zilizounganishwa kwa gundi kisha zikakazwa chini kwa vipande viwili vya kukingama. Uzito ni karibu kilo 22, na hesabu inakubali, maana mwaloni mkavu una kilo kama 700 kwa mita moja ya ujazo. Kilo 22 za kitu kirefu, chenye kona, cha kuingiza garini saa tatu usiku baada ya kusafisha vyungu. Fundi anaandika kwamba mtu mmoja anaweza kuubeba. Anaweza. Mtu mmoja anaweza pia kubeba mbuzi aliye hai.

Lakini uzito ungestahimilika. Kilichoniudhi ni vile vipande vya kukingama. Fundi alivitia gundi urefu wote, akaongeza na misumari. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, siyo kwa urefu. Mwaloni uliopasuliwa bapa, wa upana huu wa sentimita 70, ukipandishwa unyevu wake kwa asilimia 4 tu hutanuka karibu sentimita moja. Na kambini unyevu unapanda na kushuka: asubuhi umande, mchana jua, jioni mvua, wiki inayofuata meza iko sebuleni karibu na kipasha joto. Upana unataka kutembea, kipande cha kukingama kiko kwa urefu wake hakitembei hata kidogo, na gundi imewafunga pamoja. Mmoja lazima avunjike. Wa kwangu ulianza kwa kupinda kama sahani, ukamalizia kwa ufa kwenye ubao wa kati, mrefu kuliko kiganja changu.

Nilimtumia picha mdogo wangu, fundi seremala, Tanga barabara ya kumi na kitu. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake randa linapiga kelele.

"Dada, huyo kakutilia gundi mbao za kukingama? Kote?"

"Kote."

"Na kakutoza shilingi ngapi?"

Nikageuza pauni kuwa shilingi, nikamtajia. Kukawa kimya, kisha nikasikia anawasimulia wenzake karakanani, nao wakacheka. Kwa mninga au mvule, akasema, angalau mti wenyewe umetulia, lakini hata huko yeye hawezi kufanya hivyo, mwalimu wake angemchapa.

Kosa la pili la ubao ni la hesabu, na ni la hatari zaidi. Vile vipande vya kukingama ndivyo vinavyoamua farasi wakae wapi, kwa sababu mgongo wa farasi unaegemea kipande ili ubao usiteleze. Fundi aliviweka ndani sana, hivi kwamba farasi wanasimama sentimita 45 kutoka kila mwisho. Piga hesabu ya mizani. Katikati ya ubao iko sentimita 46 na nusu kutoka kwa farasi, na mwisho uko sentimita 45. Maana yake ni kwamba mzigo wa kilo 23 tu ukiwekwa ukingoni, upande wa pili unanyanyuka. Kilo 23 ni mtoto wa miaka saba aliyejiegemeza kutazama nyama. Ni sufuria la chuma lililojaa uji wa shayiri. Farasi wangesogezwa hadi sentimita 25 kutoka mwisho, mzigo wa kuubinua ubao huohuo ungepanda hadi karibu kilo 58. Sentimita ishirini tu, na usalama unaongezeka zaidi ya mara mbili. Mimi sikusubiri kujaribu na mtoto wa mtu. Nilijaribu kwa ndoo ya maji, ikawa kama hesabu ilivyosema, maji yakaenda nyasini.

La tatu ni dogo, wengine hawatalijali. Misumari ya kufuliwa kwa mkono ni mizuri machoni, vichwa vyake vinaonekana juu ya ubao. Ila chuma na mwaloni vikikutana na maji hutoa weusi, kemia ileile ya wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya miti ya mwaloni. Sasa kila kichwa cha msumari kina duara jeusi. Wenzangu wanasema inapendeza, inaonekana ya zamani. Sawa, lakini hapo ndipo ninapokatia vitunguu na siki.

Nilimwandikia fundi. Alijibu kwa adabu, hilo nampa. Alisema farasi aliwaingiza ndani kwa sababu wateja walilalamika magoti yakigonga miguu wakikaa mwisho wa meza, jambo ambalo lina mantiki kwa wanaokula tu. Kuhusu gundi alisema hajawahi kupata malalamiko. Pesa hakurudisha, na ubao mwingine hakutuma, ila ile miguu mirefu ya pauni 90 aliniongezea kabari na mfuko wa pili bila malipo.

Basi ubao mpya nikautengeneza mwenyewe, kwa maelekezo kutoka Tanga na benchi la kuazima kwa jirani. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana naona wengi wanauliza, na ukiwa na farasi wazuri hii ndiyo kazi ya Jumamosi moja.

Pendekezo la kwanza la mdogo wangu lilikuwa tusiunganishe kabisa: mbao tatu, kila moja ijilalie yenyewe juu ya farasi. Ni la kihistoria na ni jepesi kubeba. Nilimkatalia kwa hesabu ileile ya mizani. Ubao mmoja wa msonobari wa upana huo ni kilo 5 na kidogo. Hata farasi wakikaa sentimita 25 kutoka mwisho, mzigo wa kilo 14 unaunyanyua. Tunataka mbao zote zibebane uzito, na papo hapo kila moja iwe huru kutanuka. Akafikiri, akasema, "Basi tengeneza kama mlango wa jiko la bibi."

Na ndivyo ulivyo. Mbao tatu za msonobari, kila moja upana wa sentimita 23, unene wa 2.5, urefu wa 180. Hazitiwi gundi baina yao. Unaacha mwanya mdogo, unene wa kadi ya benki. Vipande viwili vya kukingama vinapita chini, na kila ubao unafungwa kwenye kila kipande kwa vigingi viwili vya mwaloni, vyote karibu na mstari wa katikati wa ubao huo, vikiachana kama vidole viwili. Kwa hiyo ubao ukitanuka unatanuka kutoka katikati yake kwenda kando zote mbili, hauvuti jirani, na kipande cha kukingama hakipati habari. Vigingi vikaushwe kabisa kabla ya kupigwa, hata ndani ya jiko la umeme kwa moto mdogo. Vikishaingia na kunywa unyevu wa hewa vinavimba na kubana. Chini nilivipasua ncha na kutia kabari nyembamba. Skrubu ingefanya kazi hiyohiyo, na kusema kweli wengi wetu wanazo skrubu chini ya meza zao, lakini kundi letu lina mkaguzi mwenye magoti mazuri na anainama.

Vipande vya kukingama niliviweka ili mgongo wa farasi ukae upande wa nje wa kipande, sentimita 25 kutoka mwisho. Vyote viwili vikiwa ndani ya farasi, ubao hauwezi kuteleza kushoto wala kulia. Ubao mzima ni kilo 17 hivi pamoja na vipande, na wa kuubinua ni mzigo wa zaidi ya kilo 40. Mbao, vigingi na mafuta vilinigharimu pauni 70 na chenji. Chagua mbao ambazo mwishoni pete za mti zimesimama wima badala ya kulala; hizo hazipindi sana. Duka la mbao watakununia ukipekua rundo zima. Pekua.

Vanishi usipake, inang'aa kama meza ya ofisi ya serikali na ikibanduka inaingia kwenye chapati. Mafuta ya kitani, tabaka jembamba, subiri siku kadhaa, tabaka lingine. Na tafadhali, vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vianike vikiwa vimetandazwa nje, au viloweke maji.

Kuna aibu moja tu: msonobari ni laini, kisu kinauachia alama, na mwenye jicho la mbao anajua si mwaloni. Natandika kitambaa cha kitani juu, kama alivyotandika yule bwana wa Berry, na hakuna aliyewahi kuinua. Kwa kukandia unga naweka kibao cha mwaloni juu, kilichotoka kwenye sehemu nzima ya ule ubao wa pauni nyingi uliopasuka. Wageni wananusa jiko langu na kuniambia karafuu zinawakumbusha likizo ya Zanzibar. Inabidi niwaeleze kwamba mwaka 1471 karafuu zote zilitoka visiwa vya Maluku, na Zanzibar hazikupandwa mpaka karne ya 19. Wengine hawaniamini, mimi mtu wa pwani.

Meza imepita kwenye mvua ya kweli, ile ya kulala usiku kucha, ikiwa nje kwa sababu hema lilikuwa limejaa watu. Asubuhi ubao ulikuwa umevimba, mianya imeziba, mbao zimenyooka. Jioni mianya imerudi. Miguu mitatu kati ya sita ilikataa kutoka, nyundo ya mti ikafanya kazi yake.

Kwa hiyo kwa mnaotafuta: kwa fundi wangu agizeni farasi tu. Sasa ameanza kuwauza bila ubao, nadhani si mimi pekee niliyemwandikia, pauni 160 kwa jozi, na husubirisha kama miezi miwili kwa sababu anapasua miti mwenyewe. Mwambieni kimo mnachotaka, na mkiweza ongezeni seti ya miguu ya kimo cha pili papo hapo, usafirishaji unakuwa mmoja. Kabla ya kukata ubao pimeni gari, kutoka mgongo wa kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma, viti vya nyuma vikiwa vimelazwa. Langu linameza sentimita 180, ndiyo maana ubao wangu haukuwa 183. Jozi ya pili ya farasi nimeagiza kwa ajili ya meza ya mkate.